Nyungunyungu Amegoma

Mzee Elinihaki Mfinanga alimmeza nyungunyungu kwa mkupuo mmoja, akapangusa midomo kwa kiganja, kisha akatangaza kwamba hajawahi kuweka kitu kibaya hivyo mdomoni tangu siku alipoonja mtori wa ndizi kwenye harusi ya Wachaga.

"Ulionja sahani ngapi, mzee?" nikamuuliza.

"Tatu. Nilikuwa nawaonea huruma wapishi."

Muuguzi Mhina alicheka mpaka akalazimika kushika meza ya vifaa. Nakiete, binti wa mzee, alijaribu kujizuia, naye akashindwa. Mimi pia nilicheka, ingawa macho yangu yalikuwa kwenye vipimo, na vipimo havikuwa na kichekesho chochote. Homa ilikuwa inapanda. Weupe wa macho ya mzee ulikuwa umegeuka manjano, na tumbo lake chini ya mbavu halikutaka kuguswa hata na shuka. Lakini mimi ni Aikande Lyatuu, Mchaga wa Machame, niliyepangiwa kazi katika hospitali ya milimani Upareni, na Mpare na Mchaga ni watani. Mtani hasamehewi hata akiwa kitandani. Kumnyima mzee huyu utani siku ile kungekuwa sawa na kumwambia kwamba anakufa.

"Anateremka vizuri," Mhina akasema.

Kwenye ukuta tuliona kile alichokiona nyungunyungu: koo, tumbo, kisha lango la utumbo likafunguka mbele yake. Alikuwa mashine, si mdudu wa kweli, na hakuwa mkubwa kuliko kidole changu cha mwisho. Mwili wake ulikuwa laini na ulijivuta wenyewe, na nyuma yake ulining'inia uzi mwembamba kuliko unywele, uliotokeza kwenye kona ya mdomo wa mzee na kuja mpaka kwenye glavu zangu. Nikikunja kidole, naye anakunja kichwa. Mgonjwa halazwi usingizi, haumii, na kama ni Mpare anaendelea kuongea.

Kazi yenyewe niliipenda mno, na bado naipenda. Kijiwe kimoja kilikuwa kimetoka kwenye mfuko wa nyongo, kikateremka na kukwama mlangoni, pale ambapo mfereji wa nyongo na mfereji wa kongosho hukutana na kumwagia utumboni kwa tundu moja. Tundu lenyewe halizidi punje ya mtama. Likizibwa, kila upande unaumia kivyake: nyongo inarudi nyuma na kugeuka usaha, na kongosho, lenye maji ya kuyeyushia nyama, linaanza kujiyeyusha lenyewe. Dawa zilikuwa zinaingia mshipani tangu asubuhi, lakini usaha uliofungiwa hausikii dawa. Lazima mlango ufunguliwe.

"Mlango huo hapo!" nikapiga kelele.

Kweli ulikuwa hapo. Chuchu ndogo ya nyama yenye tundu lile ilikuwa imevimba kuliko kawaida, imejaa kijiwe kilichosukuma kutoka ndani. Nyungunyungu akajikunja ubavuni mwake, akatoa ulimi wake mwembamba wa kukatia. Dakika chache tu na mzee angekuwa anadai chakula.

"Tulia sasa, mzee," nikamwambia. "Mchaga yuko mlangoni kwako."

"Mchaga mlangoni!" Mzee akainua kichwa. "Nakiete, hesabu kuku! Hapana, hapana, nakataa. Mtoeni huyu mdudu. Bora nife Mpare mzima kuliko kuponywa na Mchaga, halafu anisimange mpaka kaburini."

Chumba kizima kilivunjika mbavu. Nilipofuta machozi na kukunja kidole, nyungunyungu hakukunja kichwa. Alikuwa ameurudisha ulimi wake na kujiviringisha, ametulia tuli.

"Mgonjwa amekataa matibabu," ikasema sauti kutoka darini. "Alikuwa na akili timamu. Nimesimama."

*

Sauti ile tuliiita Mlinzi. Kila nyungunyungu alikuwa na Mlinzi wake, na walinzi wote walikuwa na akili moja, kuanzia kwetu milimani mpaka Kigoma. Mlinzi alisikiliza chumba, akapima mapigo ya moyo, damu na macho ya mgonjwa, na kazi yake ilikuwa moja tu: kuhakikisha hakuna mtu anayetibiwa kwa nguvu.

"Alikuwa anatania!" nikasema.

"Kauli ni 'nakataa'. Kauli ni 'bora nife'. Alikuwa timamu aliposema."

"Basi muulize tena."

"Sheria inanikataza kumrudia mgonjwa aliyekwisha kukataa."

Nilijua. Nani angejua kuliko mimi? Miaka ile nyungunyungu walipokuwa wapya, kampuni moja ya machimbo iliwamezesha wachimbaji wake kwa majaribio. Waliokataa waliulizwa tena, na tena, na tena, mpaka wakachoka kukataa. Baadhi yao hawakurudi nyumbani. Sheria ya Neno la Mgonjwa ilipopita, nilikuwa barabarani pamoja na madaktari wenzangu, nikipiga vigelegele mpaka sauti ikanikauka. Neno moja la mtu mnyonge litoshe, tulisema. Asibembelezwe. Asizungukwe.

Nikamgeukia mzee. "Mzee Mfinanga, mwambie mwenyewe huyu bwana kwamba ulikuwa unatania. Haraka, mzee wangu."

Mzee alifungua mdomo, na badala ya neno meno yake yakaanza kugongana. Baridi ilimshika kuanzia mabegani mpaka miguuni, kitanda kikawa kinatikisika. Mhina aliruka na blanketi. Mstari wa homa ukapanda, wa damu ukashuka. Tetemeko lilipopungua, mzee alinitazama kama mtu aliyekosea nyumba.

"Kesi imeahirishwa," akasema kwa sauti ya kihakimu. Alikuwa hakimu wa mahakama ya mwanzo kwa maisha yake yote ya kazi. "Mlalamikaji arudi na mbuzi wake."

"Baba," Nakiete akamshika mkono. "Baba, sema ndiyo. Sema tu ndiyo."

"Ndiyo," akasema mzee kwa utiifu. "Ndiyo, ndiyo. Mbuzi wako wapi?"

"Umesikia?" nikapaza sauti kuelekea darini.

"Nimesikia. Sasa hivi hana akili timamu. Neno lake halali ni lile la kwanza."

Nilitamani kupanda juu ya meza nikaing'oe ile sauti kwa kucha. Kumhamisha mzee kusingesaidia, maana huko ambako angepelekwa angemkuta Mlinzi yuleyule akiwa na neno lilelile. Na usaha ulikwisha kuingia kwenye damu. Kama mlango usingefunguliwa mchana ule, jioni tungekuwa tunamtafutia mzee mchungaji.

"Dokta," Mhina akaninong'oneza, "si kuna ile kauli ya kumpuuza?"

Ilikuwepo. Daktari yeyote angeweza kusema kwa sauti, "Napuuza kauli ya mgonjwa," na nyungunyungu angetii glavu zake. Ulimi wangu ulikuwa umeshaanza kulitamka neno la kwanza.

"Kabla hujasema," akasema Mlinzi, "natakiwa kukueleza kitakachofuata. Nitajifunza kutoka kwako. Mgonjwa akikataa huku akicheka, na wanaomzunguka wakicheka, nitajua kwamba hajakataa. Nyungunyungu wote watajua hivyo kuanzia leo."

Nikafunga mdomo.

Nilikuwa nimemkumbuka mama mmoja wa Gonja. Saratani ilikuwa imelitafuna kongosho lake lote, na nilikuwa na nyungunyungu, na mirija, na hamu kubwa ya kufanya kitu. Yeye alikataa kila kitu. Alikataa akitabasamu, akiwachekesha wanawe waliozunguka kitanda, kwa sababu hakutaka walie mbele yake. Alimaanisha kila neno. Mlinzi alimheshimu, nami nikamheshimu, akaenda nyumbani kufa kwenye kitanda chake akiwasikia mbuzi wake nje. Ni wangapi kama yeye? Nikimfunza Mlinzi kwamba kicheko kinafuta neno, kesho mwingine kama mama yule atakatwa tumboni huku akisema hapana.

Nikamvuta Nakiete pembeni. "Dada, wewe unamjua baba yako. Alimaanisha?"

Nilitaka aseme hapana, upesi na kwa hasira. Lakini Nakiete aliniangalia machozi yakimlengalenga.

"Tangu mama afariki anatania kifo kila siku, Dokta. Anaamka anasema, leo ndiyo leo, nipigieni pasi suti. Tunacheka. Siku nyingine namkuta amekaa peke yake na ile suti magotini." Akajifuta kwa kanga. "Moyo wangu unaniambia anataka kuishi. Lakini ukiniapisha siwezi kuapa."

Hapo nikaogopa kwelikweli. Mpaka dakika ile nilidhani napigana na mashine isiyojua utani, kumbe hata mimi niliyetaniwa sikuwa na hakika. Nilimtazama mzee akitetemeka chini ya blanketi, akiwaamuru mashahidi wasiokuwepo waketi, na nikajua siwezi kumwacha. Nilijua pia kwamba naweza kuwa nakosea. Vyote viwili vilikuwa kweli kwa wakati mmoja, na muda wa kuvipatanisha haukuwepo.

"Mhina," nikasema. "Kalete mpira mweusi."

Mhina alitoa macho. "Ule wa kabati la wanafunzi?"

"Kwani tuna mwingine?"

*

Mpira mweusi ni kifaa cha zamani, mrefu kuliko mtu, mnene kama kidole gumba, wenye jicho ubavuni na magurudumu mawili ya kuuongoza. Tuliutunza safi na salama kwa ajili ya mafunzo, ili wanafunzi waone jinsi wazee wetu walivyohangaika. Niliwahi kuutumia nilipokuwa nasomea kazi hii, chini ya mwalimu mkali aliyenipiga vidole kila nilipokosea gurudumu. Hauna akili, hauna Mlinzi, na wala haujifunzi chochote. Ukikosea, umekosea wewe.

Nikamwambia Nakiete yote: kwamba nakwenda kinyume cha neno alilolisema baba yake, kwamba mikono yangu imezoea nyungunyungu, kwamba nikichokoa vibaya naweza kulichafua kongosho zaidi ya lilivyo. "Na baba yako akiamka akasema alimaanisha, anishtaki, nanyi Wapare kesi mnazipenda. Jina langu analijua na nyumba yangu ataonyeshwa. Sitakimbia."

Nakiete aliitikia kwa kichwa, akaenda kusimama ukutani.

Tulimlaza mzee kwa ubavu, Mhina akamtia usingizi na kukaa karibu na pumzi yake. Nikauingiza mpira. Koo, tumbo, lango. Mikono ilikuwa mizito mwanzoni, kisha nikasikia kabisa maumivu ya vile vidole vilivyopigwa na mwalimu, na magurudumu yakaanza kuniitikia. Nikavuta, nikazungusha, picha ikafunguka.

Nyungunyungu alikuwa bado amelala pale pale, amejiviringisha kando ya mlango, jicho lake dogo likinitazama. Tukatazamana.

"Daktari Lyatuu," ikasema sauti ya darini, "unafanya nini?"

"Nafanya kazi."

"Mgonjwa amekataa."

"Wewe umekataa kushiriki, na umefanya vizuri. Kaa hapo hapo ulipo."

"Nitaandika ulichofanya."

"Andika. Na jina langu usilikosee."

"Nijifunze nini?"

"Usijifunze chochote," nikasema, huku jasho likiniingia machoni. "Hili ni langu mimi."

Nikatoa waya. Waya ule ni laini, nao lazima uingie kwenye mfereji wa nyongo, ulio juu kidogo upande wa kushoto. Ukikosea unaingia kwenye kongosho, na kongosho halipendi wageni. Nikausukuma polepole. Ukaingia! Nikashangilia, kisha nikatazama kivuli chake kwenye eksirei, na furaha ikaniishia. Ulikuwa umeelekea kongosho.

"Niutoe?" Mhina akauliza.

"Uache." Sauti ya mwalimu wangu ilikuwa inanifokea sikioni baada ya miaka yote hiyo. "Uache humo humo, utuzibie ile njia ya makosa. Nipe waya wa pili."

Waya wa pili ukapita juu ya wa kwanza, ukagonga kijiwe, ukarudi. Ukagonga tena. Mashine ya pumzi ikaanza kulalamika, Mhina akainua taya la mzee, ikanyamaza. Nikageuza gurudumu kwa kiasi cha unywele tu, nikajikuta nasema kwa Kichaga maneno ambayo mama yangu asingefurahi kuyasikia mdomoni mwangu, na waya ukateleza kando ya kijiwe na kupanda moja kwa moja kuelekea ini.

"Umeingia!" Mhina akapiga kelele. "Dokta, umeingia kwenye nyongo!"

Nikaukata mlango kidogo, mkato mfupi ulio safi. Nikapitisha puto nyuma ya kijiwe, nikalijaza, nikavuta. Hakikutoka. Nikavuta tena kwa upole, kama mtu anayetoa mwiba kwenye mguu wa mtoto. Chuchu ikavimba, ikanyooka, na kijiwe kikaruka nje! Nyuma yake usaha ukabubujika, mzito, wa kijani na njano, mwingi mpaka picha ikapotea. Sijawahi kuona kitu kichafu kilichonifurahisha vile. Mhina alikuwa anarukaruka akiwa bado ameshika taya la mzee. Nakiete hakuelewa anachokiona ukutani, ila alituelewa sisi, akapiga kigelegele kilichosikika mpaka wodi ya wazazi.

Nikaacha mrija mmoja kwenye nyongo ili uendelee kuchuruzisha, na mwingine mdogo kwenye kongosho ili lisinune. Nikautoa mpira. Ndipo mikono yangu ikaanza kutetemeka, na haikuacha hata niliponawa.

*

Kesho yake asubuhi homa ya Mzee Mfinanga ilikuwa imekwisha. Nyungunyungu alikuwa ameuachia uzi wake na kutoka mwenyewe kwa njia yake ya kawaida, bila kumuaga mtu. Mzee alikunywa chai, akalalamika kwamba haina sukari, akataka kujua nani ameshinda uchaguzi wa bodi ya maji kijijini.

"Mgonjwa ana akili timamu," akasema Mlinzi.

Mhina aliweka chini trei. Nakiete akasimama. Nilikuwa nimejiandaa usiku kucha kwa dakika hii.

"Elinihaki Mfinanga," sauti ikaendelea, "jana ulikataa matibabu. Baada ya hapo daktari Aikande Lyatuu alikutibu kwa mikono yake, bila mimi. Sheria inanitaka nikuulize. Je, unamshtaki?"

Mzee alijivuta mpaka akakaa wima, akaomba koti lake la suti, Nakiete akamvisha juu ya nguo za hospitali. Akafunga kifungo. Mbele yangu sasa alikaa hakimu.

"Kwa mikono yake?" akauliza. "Mikono hii ya Kichaga?"

"Ndiyo."

Nikauona utani ukimpanda. Niliuona machoni kwanza, kisha kwenye pembe za midomo, mtamu na tayari kabisa, labda utani mzuri kuliko wote aliowahi kuutoa maishani. Neno moja tu la kuchekesha, na leseni yangu ingekwenda, na mimi mwenyewe huenda ningekwenda jela. Akafungua mdomo.

"Baba," akasema Nakiete.

Mzee aliufunga mdomo. Akatazama mikono yangu, nami nikaificha mifukoni maana ilikuwa imeanza tena kutetemeka.

"Nilikuwa naogopa," akasema. Akakohoa, akaanza upya. "Lile dude lilipofika ndani nilijua ndiyo siku yenyewe, nikaogopa. Nikiogopa natania. Mke wangu alilijua hilo, na sasa hayupo wa kuwaambia watu. Nataka kuishi, binti yangu. Sikusema kwa sababu hakuna aliyeniuliza mara ya pili nikiwa bado na akili zangu. Sina kesi na wewe."

Nakiete aliangua kilio palepale. Mimi nilijitahidi nisilie, nikashindwa.

"Mpare kaacha kesi," Mhina akanong'ona, akiwa kama mtu aliyeona muujiza. "Dunia imefika mwisho."

"Ushahidi wa mgonjwa mwenyewe naruhusiwa kujifunza, hata ukibadilisha katazo la sheria," akasema Mlinzi. "Nijifunze nini?"

Sote tulimtazama mzee. Akanyoosha koti.

"Andika hivi. Hata mgeni akikaribishwa chakula, mara ya kwanza husema ameshiba. Mwenyeji mwenye adabu hukaribisha tena, na hakuna anayesema kamlazimisha. Mtu akikataa tiba, muulize mara moja zaidi. Mara moja tu, kwa upole, kabla homa haijampanda. Akikataa tena, hata kama anacheka, mwache na kicheko chake."

Nilikuwa nimeipigia vigelegele sheria ile, na katika yote tuliyoyadai barabarani hatukuwahi kulifikiria hilo. Niliitazama dari nikisubiri.

"Nimeelewa," akasema Mlinzi. Kisha, kwa sauti ya chini ambayo sikujua kwamba anayo, akaendelea: "Elinihaki Mfinanga, nakuuliza kwa mara ya pili. Je, unamshtaki?"

Mzee aliinua uso kuelekea darini, akashangaa, kisha akaanza kucheka taratibu mpaka akashika tumbo lililouma. Alipomaliza, alinyoosha mkono akautoa wangu mfukoni, akaushika kwa mikono yake miwili mpaka ukaacha kutetemeka.

"Simshtaki," akasema. "Nikaribisheni chakula."

"Leo jikoni kuna mtori," nikamwambia.

"Nimeshiba," akasema mzee, halafu akakaa akinitazama, akisubiri nimkaribishe tena.